Usiku wa Saa Tisa Mchana

Mimi ni mtu wa nati na grisi. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani niliingia katika mambo ya Hannah Nyakio kwa hiari yangu. Miaka hiyo nilikuwa fundi wa treni katika Bustani ya Ramila, kando ya Ngong Road ukielekea Karen, na ungeniuliza rangi ina kazi gani ningekujibu ni kuzuia kutu, basi. Hannah alinitoa ujinga huo. Alinitoa kwa vurugu, na kuna mambo mengine sijamsamehe mpaka leo.

Treni yenyewe ilikuwa rola kosta. Jina hilo lilibaki kwenye karatasi za forodha. Sisi wafanyakazi tuliita treni, watoto waliita treni, na mwenyewe, Kamlesh, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi katikati ya mji, aliita "treni yangu" kwa sauti ya mzazi anayemtaja mtoto aliyemwaibisha. Aliinunua ikiwa kuukuu kutoka mji fulani wa pwani ya Uingereza, ikaja vipande vipande, nikaiunga mimi mwenyewe. Mlima wake mkubwa ulikuwa mita nane. Kutoka hadi kurudi, sekunde arobaini na nane. Niliipenda mno. Nilikuwa naijua kila boliti, na asubuhi niliipangusa kabla sijanywa chai.

Lakini watoto hawapandi boliti. Kufikia mwaka wa 1989 watoto wa Nairobi walikuwa wameshaona kwenye video treni za Amerika zinazogeuza watu miguu juu kichwa chini. Wakishuka kwenye yetu walikuwa wanatazamana tu. Jumapili moja msichana mdogo wa Kileleshwa, mwenye adabu zake, alinijia akaniuliza, "Mjomba, hii ni ya kujaribu? Ile yenyewe iko wapi?" Afadhali angenitukana.

Mwezi wa kumi Kamlesh alituita chini ya kibanda ambamo mkewe Ramila alikuwa akikaanga bhajia. Alisema kuna tajiri wa hoteli kutoka Mombasa, Ebrahim, anayeitaka treni akaiweke kwake ufukweni.

"Mimi nimempa neno," Kamlesh alisema. "Jumamosi ya pili ya Disemba yeye nakuja na lori. Treni nakwenda."

"Na sisi, mzee?" niliuliza.

Aliangalia zile bhajia. Ramila naye alimwangalia yeye kwa jicho ambalo lingekaanga bhajia bila mafuta.

Ndipo akaletwa Hannah. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, ila huyu mgeni aliletwa kuipaka treni rangi mpya ili Ebrahim aikute inang'aa. Yaani aliletwa kumvisha maiti suti.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwembamba, na kilemba kilichojaa madoa ya rangi zote ulizowahi kuziona. Mzaliwa wa Woodley. Baba yake, mzee Kiragu, alikuwa mpaka rangi wa baraza la jiji, na maisha yake yote alipaka milango ya nyumba za baraza rangi moja ile ile ya kijani. Hannah alishika brashi kwake. Baadaye akaandikwa kazi na sinema moja mjini, akichora nyuso za mastaa kwenye mbao kubwa za mlangoni. Kila Alhamisi alifuta uso wa juma lililopita na kuchora mwingine juu yake. Sinema ilipoanza kuletewa mabango ya kuchapishwa, akahamia kwenye mbao za bucha, akichora ng'ombe wanaotabasamu.

"Hebu fikiria, Mwololo," aliniambia siku ya kwanza. "Ng'ombe anachekelea bucha. Na mimi ndiye nimemfundisha."

Kabla hajafungua mkebe hata mmoja wa rangi, alidai apande treni. Alisema hawezi kupaka kitu asichokiingia. Nikampandisha peke yake, asubuhi, ukungu bado haujainuka. Aliporudi hakushuka. Alikaa pale kwenye kiti, mikono magotini.

"Inakimbia nini?" aliniuliza.

"Nini inakimbia nini?"

"Hii treni. Mtu hakimbii bure, Mwololo. Ama anafukuza kitu, ama anafukuzwa. Hii inakimbia tu ka mwendawazimu, halafu inarudi. Haina stori."

Nilimwambia treni ina injini ya kuipandisha, ina breki, ina magurudumu ishirini na nne, na hiyo ndiyo stori. Alicheka hadi akashika mbavu. Nilimchukia siku hiyo, kusema ukweli.

Kesho yake alikuja na karatasi kubwa ya kufungia nyama, na nyuma yake amechora. Nilitaka kuidharau nikashindwa. Kituo cha treni hakikuwapo tena. Badala yake kulikuwa na nyumba ya msonge, yenye mlango mfupi ambao lazima uiname ndipo uingie. Mlima wa mita nane haukuwapo. Kulikuwa na kichwa cha zimwi, nywele zimetimka, na reli inaingia mdomoni. Ukimezwa unaanguka gizani kooni. Ukidhani umeponyoka, unakuta zimwi lina mdomo wa pili kisogoni, uliofichwa na nywele. Kila Mkikuyu anajua habari za irimu mwenye mdomo wa nyuma, na hata sisi Wakamba tuna jamaa zake.

Kilichonikamata ni kwamba ule mdomo wa pili ulikaa mahali penyewe. Reli yetu, baada ya mteremko mkubwa, ilikuwa na kona halafu kamteremko kadogo ambako watoto wote walikacheka. Hannah alikachukua kamteremko kale kale ka aibu akakafanya ndiko kunakoua. Nilimwambia, "Twende kwa Muhindi sasa hivi, kabla sijabadilisha nia."

Kamlesh alisikiliza. Kisha akafungua droo akatoa kijitabu cha rangi kutoka ng'ambo, chenye picha za majumba ya mizimu ya Wazungu. "Hii hapana zuri?" alisema. "Iko mzimu, iko ngome."

"Mzee, mtoto wa Woodley hiyo ngome ataiogopea nini?" Hannah alimjibu. "Hajawahi kuambiwa alale la sivyo ngome itamla."

Ramila alicheka huko nyuma. Kamlesh akasema kwamba neno alilompa Ebrahim ni neno, ahadi ni deni, na yeye halirambi. Lakini mpaka hiyo Jumamosi ya Disemba treni ni yake, na nyuma ya duka lake kuna mabati makuukuu yamelala bure. Tukayachukue tuone. Tulitoka pale tukikimbia kama watoto wa shule, mimi na miaka yangu arobaini na mitano.

Tulikuwa na majuma saba. Sijawahi kufanya kazi vile tena. Mwerezi ulioanguka kwa mvua huko Karen niliuomba, nikachonga meno ya zimwi. Babu zangu walikuwa wachongaji, na patasi ilinikumbuka kuliko nilivyoikumbuka mimi. Nywele tulifanya za katani tuliyoipaka masizi. Hannah alining'iniza nyuzi za katani zenye maji ndani ya mdomo, zikuguse usoni wakati wa kumezwa, ili ujue hasa ulimi ni nini. Siku ya kuzijaribu alinikalisha mbele bila kuniambia. Nilipiga kelele ambayo Ramila aliisikia kwenye bhajia zake.

Nami nilikuwa na sheria zangu. Kila ukuta uliposimama, nilifunga vijiti kwenye viti, virefu kuliko mkono wa mtu mzima, nikaipeleka treni polepole. Kijiti kikigusa bati, bati linang'oka. Hannah aliniita jina la Kikikuyu ambalo sikulielewa na sikuliulizia. Lakini aling'oa.

Sasa ikabaki sauti. Hannah alitaka watu wakishainama kuingia msongeni, wakae kwenye magogo, wasimuliwe habari za zimwi na bibi kizee wa kweli, kisha bibi awaambie, "Kimbieni!" na ndipo wapande treni. Kaseti ingekuwa inapigwa kutoka kwenye redio iliyofichwa darini. Bibi alikuwa tayari, alisema. Ni cucu yake, mama mzazi wa Kiragu, anakaa Dagoretti katika shamba lake mwenyewe.

Cucu Wanjugu aliletwa na pikapu ya Kamlesh, saa tisa mchana, yakiwa yamebaki majuma matatu. Bibi mfupi, masikio yaliyotobolewa zamani, koti la kiume juu ya gauni. Alizunguka zimwi lote akilikagua. Aligonga jino moja kwa fimbo.

"Ni wewe Mkamba umetengeneza?"

"Ni mimi, Cucu."

"Iko sawa. Ile nilikuwa naambiwa ilikuwa na meno chafu zaidi."

Hannah akamkalisha msongeni, akashika redio, akabonyeza kitufe. Cucu Wanjugu alikuwa anatazama mlango, ambako jua lilikuwa limejaa.

"Nyakio," alisema, ni yeye peke yake aliyemwita hivyo, la ubatizo hakulitumia. "Unataka niseme stori ya irimu saa hii?"

"Ndio, Cucu."

"Mchana?"

Hannah alifunga macho. Nami nikajua tumekwisha, kwa sababu hata kwetu Ukambani tulikatazwa. Hadithi ni za usiku. Ukisimulia mchana, mifugo hupotea malishoni isirudi, na hilo si jambo la kubishana na mtu aliyezaliwa kabla reli nyingine hazijajengwa. Mimi na Hannah, watu wazima tuliolelewa na hadithi hizo hizo, tulikuwa tumejenga nyumba nzima ya hadithi katika bustani inayofungwa saa kumi na mbili jioni, na hakuna kati yetu aliyekumbuka. Mji huu unakula vichwa vya watu.

"Cucu, basi tutakuja kwako jioni," Hannah alisema. "Utasema ukiwa kwako, mimi nitashika tu kwa kaseti."

"Na hiyo kaseti itasema saa ngapi?"

Hannah hakuweza kumdanganya. "Mchana."

"Sasa si ni mimi nitakuwa nasema mchana? Na mbuzi yangu iko inje?" Akainuka, akajifuta vumbi. "Nirudisheni nyumbani."

Kamlesh, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijaribu kusaidia. Alisema karani wake wa dukani, Waweru, ana sauti nzuri, anaweza kusoma. Ndipo nilipouona ukali wa Hannah.

"Waweru!" alifoka. "Waweru asome irimu ka orodha ya misumari? Mzee, nimechora sura za watu ambao siwajui miaka kumi na minne! Kila wiki nafuta! Hii ni kitu yangu. Kama sio Cucu, mimi sitaki. Ebrahim abebe vyuma vyake aende."

Alitupa brashi chini. Nilikuwa namwonea huruma, na nilikuwa naionea treni huruma, na nilikuwa nimekasirika pia maana meno yale yalinitoa malengelenge. Kisha Hannah akapiga magoti mbele ya nyanya yake. Alikuwa ametulia ghafla.

"Cucu. Usiku ni nini?"

"Ati nini?"

"Nikikwambia sasa ni usiku, utajuaje nasema ukweli?"

Bibi alimtazama. Nadhani alikuwa hajawahi kuulizwa. Akahesabu kwa vidole, akianzia kidole cha mwisho. "Nikiweka mkono hapa mbele ya macho, nisiione. Moto iwe inawaka. Na mbuzi ziwe zimeingia ndani."

"Hiyo tu?"

"Kuna usiku ingine iko na kitu ingine?"

Hannah aliruka juu akanikumbatia mimi, mwenye grisi mwili mzima. "Umesikia, Mwololo? Haiwezi kuwa mchana humu ndani! Tunaleta usiku!"

Na ndivyo tulivyofanya. Mpaka hapo tulikuwa tumeziba nusu tu, tukidhani mwanga kidogo si neno. Sasa tukaufunika mlima wote, kona, kila kitu, kwa mabati ya Kamlesh, tukaacha mita chache tu za mwisho baada ya ule mdomo wa pili. Mlangoni pa msonge tukafanya kiingilio cha kupinda, ili jua likikufuata lipotee njiani. Moto tuliuweka ndani ya karai la chuma kwenye kona, unawaka kwa magunzi ya mahindi, ukitoa moshi mdogo wenye harufu ya jikoni kwa mama. Pembeni yake niliweka ndoo mbili za maji, maana harufu haizimi moto.

Zikabaki mbuzi.

"Mbuzi?" Kamlesh alisema. "Kwa treni?"

"Watatu tu, mzee," Hannah alisema. "Nyuma ya ukuta wa matete. Watu wasiwaone, wasikie tu wakitafuna."

Jioni hiyo niliona jambo ambalo sitalisahau. Kamlesh, mtu ambaye tangu azaliwe hajaonja nyama, aliendesha pikapu kutoka Dagoretti, Cucu Wanjugu ameketi kando yake na fimbo, na mbuzi watatu nyuma wakila karatasi za hesabu za duka. Ramila alitoka kibandani akapiga makofi.

Cucu akaingia kukagua. Akakaa kwenye gogo. Mbuzi wakalia nyuma ya matete, moto ukalia kwenye karai. Akatandaza vidole mbele ya uso.

"Naiona," alisema.

Tuliangalia juu. Ewe Mola wangu. Mabati makuukuu yana matundu ya misumari ya paa la kwanza, mamia kwa mamia, na kila tundu lilikuwa limeshika kijua chake. Hilo lilikuwa kosa langu, mimi ndiye niliyeyapigilia. Nikajaribu kujitetea.

"Hizo ni nyota, Cucu."

"Nyota haina jua nyuma yake," alinijibu, akaondoka.

Siku tisa tukawa tunaziba matundu. Hannah ndani akinyoosha kidole, mimi juu ya paa na kopo la lami. "Hapa! Kushoto! Sio kushoto yako, kushoto ya zimwi!" Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole ishirini vyetu vilikaribia kukatika. Nywele zangu zilinyolewa kwa sababu ya lami ile. Hilo ni moja kati ya yale ambayo sijasamehe.

Siku ya Alhamisi, zikiwa zimebaki siku mbili Ebrahim afike, Cucu alirudi. Ilikuwa saa tisa tena, jua la Disemba limepasua mawe huko nje. Alipita kiingilio kilichopinda, mkono ukutani. Alikaa. Sikumwona akiinua vidole, kwa sababu sikuona chochote isipokuwa ule wekundu mdogo wa moto pembeni. Nilisikia koti lake likisugua. Nilisikia mbuzi mmoja akicheua. Hannah alikuwa amenishika mkono akinibana hadi mifupa ikagongana.

Kisha Cucu, kwa sauti ambayo haikuwa ile ya kunigombeza, sauti ya chini na ya karibu, akasema, "Ugai itha!"

Maana yake, semeni itha. Ndivyo Wakikuyu wanavyofungua hadithi, na msikilizaji lazima aitike.

"Itha!" Hannah aliitika.

"Ugai itha!"

"Itha!" niliitika na mimi, Mkamba mzima.

Hadithi ikaanza kutiririka, na nywele nilizokuwa sina zikanisimama. Ilikuwa pale zimwi linapojivika sura ya kijana mzuri ndipo nilipokumbuka kitu, nikamnong'oneza Hannah, "Kaseti!" Alikuwa hajabonyeza. Ikabidi tumwombe Cucu aanze upya, na alitutukana kwanza, ndipo akaanza.

Jumamosi ikafika. Lori la Ebrahim lilisimama langoni saa nne, wazi na tupu. Ebrahim alikuwa mzee wa makamo mwenye kanzu safi na kofia ya kazi ya mkono, mtu wa maneno machache. Alifika moja kwa moja kutoka barabarani na Kamlesh akampokea kwa chai. Watoto walikuwa wachache, labda thelathini, wengi wa Woodley ambao Hannah aliwaalika mwenyewe, na wengine wa Kileleshwa waliokuja na mayaya wao.

"Treni iko wapi?" Ebrahim aliuliza.

Kamlesh akanyoosha kidole kwenye kichwa cha zimwi. Ebrahim alilitazama. Alitazama moshi mdogo uliokuwa ukitoka juu ya msonge. Akaweka kikombe chini.

"Naingia na hawa watoto," alisema.

Kundi la kwanza liliinama likaingia, kanzu katikati ya kaptura. Hannah alibonyeza redio akatoka, tukabaki nje, mimi mkono kwenye breki. Tukasikia sauti ya Cucu, hafifu. "Ugai itha!" Kimya. Hannah alifunga macho. Kwenye kaseti alikuwa ameacha nafasi ya kuitikia, na sasa ilikuwa ni nafasi tupu. Kisha sauti moja ya mtoto, kwa woga: "Itha?" Mara ya pili Cucu akaita, zikaitika sauti kumi, na ya tatu nyumba nzima ya msonge ikaitika, "ITHA!" kwa nguvu hadi mbuzi wakalia. Watoto waliokuwa kwenye bembea wakaziacha zikicheza peke yake, wakaanza kuja. Mayaya wakaja. Ramila aliacha mafuta motoni.

"Kimbieni!" Cucu alisema. Miguu ikakimbilia treni, na viti vilipojaa nikaachilia breki.

Mlio uliotoka kwenye mabati yale sijawahi kuusikia kwa binadamu. Ulipanda na mlima, ukakatika kwenye ulimi, ukazama kooni. Halafu ikawa kimya, kile kimya cha kona, cha watu wanaodhani wameponyoka, na mimi na Hannah tukatazamana tukihesabu: moja, mbili. Mdomo wa pili ukawashika. Treni ikatoka kisogoni juani na watoto wote wamekumbatiana, Mhindi na Mkikuyu na Mluhya, na katikati yao Ebrahim, kofia mkononi, katani imemshika ndevu.

Hawakutazamana wala kuniuliza kitu. Walishuka wakakimbia, mbio, kurudi nyuma ya foleni ambayo sasa ilikuwa imefika kwenye bembea.

Ebrahim alishuka taratibu. Kamlesh akamwendea, uso umesinyaa, mtu aliyefungwa na neno lake mwenyewe. "Ebrahim bhai," alisema, "mimi nilisema nakupa, na mimi nakupa. Watu yako naweza kuanza kufungua."

Ebrahim alitoa uzi wa katani ndevuni, akautazama. "Kamlesh, wewe uliniahidi treni. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Ya chuma. Reli, magurudumu, mlima mita nane."

"Ndiyo."

"Mimi nimeingia humo na macho yangu haya mawili," Ebrahim alisema, "na wallahi sikuona treni. Nimeona usiku. Nimeona shetani ana midomo miwili. Mtu hawezi kununua kitu ambacho hakipo, ndugu yangu. Neno lako umelitimiza, mimi ndiye sina cha kupakia." Akavaa kofia. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Foleni inaanzia wapi?"

Kamlesh alimshika mikono yote miwili. Na mimi? Miaka yote ile niliipangusa ionekane, boliti kwa boliti, na nilipomsikia mtu akiapa kwa Mungu kwamba hakuiona, nililia kwa furaha mbele za watu, kipara juani.

Hannah alikuwa ameketi chini kwenye nyasi. Alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka, mikono ameiacha magotini kama ambaye hajui tena ni ya kazi gani. Watoto walikuwa wanampita pande zote, wakimruka miguu, wakikimbilia foleni, na hakuna hata mmoja aliyemtazama. Hilo liliniudhi. Nilivuta pumzi niwapigie kelele, niwaambie wasimame, wamsalimie, ni huyu hapa, huyu mama mwenye kilemba cha madoa, ndiye aliyewatengenezea.

Alinivuta suruali.

"Wacha, Mwololo," alisema. "Waache. Angalia vile wanakimbia."